Asili na Historia ya Jina la Ukoo la Clark

Mwanafunzi wa theolojia anayepitisha macho katika rafu za maktaba hukutana na jina hili bila kulitafuta. Samuel Clarke, kasisi wa Kianglikana aliyeandikiana barua na mwanafalsafa Leibniz katika miaka ya 1715 na 1716, alikuwa nalo. Adam Clarke, Mmethodisti aliyeandika ufafanuzi wa Biblia nzima uliochapwa kati ya 1810 na 1826, alikuwa nalo pia. Na yeyote aliyesoma habari za kukomeshwa kwa biashara ya watumwa amelikuta jina la Thomas Clarkson, yaani mwana wa Clark. Vitabu vidogo vya majina hueleza kwa mkato kwamba Clark maana yake ni karani. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanamweka msomaji mwishoni mwa safari bila kumwonyesha njia. Jina hili halikutoka ofisini, lilitoka kanisani. Tena, kinyume cha wanavyodhani baadhi ya watu, halikutoka kwa mapadre. Katika kurasa hizi tunakusudia kuonyesha lilitoka kwa nani, na jinsi lilivyozaliwa katika nchi ambamo kusoma kulikuwa ni mpaka kati ya mtu na mtu.

Hapana budi tuanze na Kiyunani. Neno *kleros* maana yake ni kura, na kwa hiyo pia fungu au urithi unaopatikana kwa kura. Wasomaji wetu watakumbuka jinsi Mathiya alivyopatikana katika Matendo 1:26. Kura iliyomwangukia ni *kleros*. Watafsiri wa Agano la Kale kwa Kiyunani walilitumia neno hilo hilo katika habari za kabila la Lawi, ambalo halikupewa sehemu ya nchi kwa kuwa Bwana mwenyewe ndiye urithi wao. Karibu na mwaka 394 Hieronimo, katika barua yake kwa kasisi Nepotiano, aliunganisha mambo hayo mawili: watumishi wa Kanisa huitwa *clerici*, alisema, ama kwa sababu wao ni fungu la Bwana, ama kwa sababu Bwana ni fungu lao. Maelezo hayo ni mazuri, na yalifundishwa katika shule za Kanisa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hata hivyo, mwanafunzi wa Agano Jipya atauliza swali. Katika 1 Petro 5:3 wazee wanaonywa wasijifanye mabwana juu ya wale waliokabidhiwa, na neno linalotumika kwa hao waliokabidhiwa ni *kleroi*. Hapo fungu ni kundi, si mchungaji. Neno ambalo mtume alilitumia kwa ajili ya waumini wote wa mahali fulani likaja kuwa jina la wale wachache waliowasimamia. Mageuzi hayo yalikwisha kutokea zamani sana kabla neno halijafika Uingereza, lakini ni vema kuyakumbuka, maana yatakuwa na kazi mbele.

Neno la Kilatini liliingia katika Kiingereza kwa milango miwili: mlango wa wamisionari na watawa wa kale, na mlango wa Wanormani waliovuka bahari mwaka 1066 wakisema Kifaransa. Likawa *clerk*. Na kwa kuwa katika Uingereza ya wakati ule karibu kila aliyeweza kusoma alikuwa amelelewa na Kanisa, neno lilipanuka bila mtu kulitangaza. Aliyekuwa mtumishi wa Kanisa alikuwa msomaji. Basi aliyekuwa msomaji akahesabiwa kuwa mtumishi wa Kanisa. Mtunza hesabu wa bwana mwenye ardhi, mwandishi wa hati katika ofisi za mfalme, mwanafunzi wa Oxford mwenye njaa, wote waliitwa kwa neno lile lile aliloitwa anayehudumu madhabahuni.

Sasa tunafika penye fumbo. Jina la ukoo hurithiwa, na ili jina lirithiwe lazima pawe na mtoto. Lakini Kanisa la Magharibi katika karne ya 11 na ya 12 lilikuwa likipigana vikali na ndoa za makasisi. Huko Uingereza sinodi ya Westminster ya mwaka 1102, chini ya Askofu Mkuu Anselm, iliwaamuru makasisi na mashemasi kuachana na wake zao, na Mtaguso wa pili wa Laterano wa mwaka 1139 ulitamka kwamba ndoa ya mtu wa daraja kubwa si ndoa kabisa. Karne zilizofuata ndizo hasa majina ya ukoo yalipokuwa yakitia mizizi katika Uingereza. Yalianza kwa matajiri wa Kinormani, yakashuka polepole hadi kwa wakulima, na ifikapo mwaka 1400 hivi watu walio wengi walikuwa nayo. Imekuwaje basi jina lenye maana ya mtumishi wa Kanisa liwe miongoni mwa majina yaliyoenea mno, wakati ule ule ambapo mtumishi wa Kanisa alikatazwa kuwa na mrithi?

Wako wanaojibu kwa kicheko kwamba sheria ni jambo moja na maisha ni jambo jingine. Ni kweli kwamba makasisi wengi walikuwa na watoto. Lakini jibu hilo ni la haraka mno, na linaacha kando kundi kubwa ambalo sisi tuliolelewa katika Kanisa la matengenezo tumelisahau. Chini ya shemasi-mdogo, shemasi na kasisi kulikuwa na daraja ndogo nne: mngoja mlango, msomaji, mpunga pepo na msaidizi wa madhabahu. Mtu wa daraja hizo alinyolewa utosi, akavaa mavazi ya kikanisa, akahesabiwa kuwa *clericus* kwa haki zote; na aliruhusiwa kuoa. Aliruhusiwa kuoa mara moja tu, na asimwoe mjane. Akivunja sharti hilo aliitwa *bigamus*, hata kama mke wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, na tangu Mtaguso wa pili wa Lyon wa mwaka 1274 alinyang'anywa haki zote za kikleri. Mfalme Edward I aliipokea kanuni hiyo katika sheria za nchi mwaka 1276.

Watu hao walikuwa kila mahali. Sheria za Kanisa zilizotolewa na Papa Gregory IX mwaka 1234 zilimtaka kila kasisi wa parokia awe na kleri wa kumsaidia kuimba, kusoma waraka, na kufundisha watoto. Katika vijiji vya Kiingereza ndiye aliyebeba maji ya baraka nyumba hadi nyumba na kupewa mayai au nafaka kidogo kuwa ujira. Tukitafuta wa kumfananisha naye katika sharika zetu, tutamfikiria mwinjilisti: mtu anayejulikana na kila nyumba, mwenye mke na shamba, asomaye Neno na kufundisha, asiye na mamlaka ya kasisi wala mshahara wake. Mshairi Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, alimjua vema. Katika Hadithi za Canterbury yumo Absolon, kleri wa parokia mwenye nywele za kupendeza. Na mume wa tano wa yule mwanamke wa Bath alikuwa Jankyn, aliyekuwa kleri wa Oxford. Jankyn aliyemwoa mjane wa waume wanne alikuwa amepoteza haki zake kwa mujibu wa sheria ya 1274, na bila shaka wasikilizaji wa kwanza wa hadithi hiyo walilitambua jambo hilo na kucheka mahali ambapo sisi hatucheki.

Kwa watu hawa ndipo jina lilipopata watoto. Katika hati za zamani mtu huandikwa kwa Kilatini *Johannes clericus*, na hapo mwanahistoria hawezi kujua kama ni kazi au ni jina. Lakini kuna mahali ambapo mizani hugeuka. Mwaka 1377 Bunge liliidhinisha kodi ya kichwa: kila mlei, mwanamume na mwanamke, aliyepita umri wa miaka 14 alitozwa peni 4, wakati makleri walitozwa kwa mpango wao wenyewe, wenye parokia peni 12 na wengine peni 4. Kodi hiyo ilirudiwa mwaka 1379 na mwaka 1381, ilipochochea maasi makubwa ya wakulima. Sasa, mtu aitwaye Clerk anapoandikwa katika orodha ya walei, pengine pamoja na kazi ya mikono aliyoifanya, tunajua kwamba neno limekwisha kuacha kueleza alivyo na limeanza kueleza alikotoka. Babu alisoma waraka kanisani. Mjukuu anafuma nguo, na jina ni la babu. Clarkson linalitaja jambo hili waziwazi, nalo linaonyesha kwamba majirani hawakuona haya kumwita mtu mwana wa kleri. Yako majina mengine ya Kiingereza yaliyotoka kanisani, kama Bishop, Abbott, Pope na Monk, lakini mara nyingi hayo yalikuwa ya utani, au ya watumishi wa nyumba za wakubwa hao. Clark halihitaji utani ili lieleweke.

Kuhusu matamshi tusikae sana. Mwishoni mwa Zama za Kati sauti ya *er* ilielekea kuwa *ar* katika maneno mengi ya Kiingereza. Ndivyo *person* lilivyozaa *parson*, yaani kasisi wa parokia. Neno la kazi lilibaki likiandikwa *clerk*, ingawa Waingereza hulitamka *klaak*, na jina la ukoo likaandikwa jinsi lilivyosikika. Tofauti ya Clark na Clarke haina maana yoyote ya nasaba, japo ziko familia zinazoitunza ile herufi ya mwisho kama hati ya shamba. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, kwa niaba ya Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Aliyeshika kalamu mara nyingi alikuwa kasisi au karani wa parokia, naye aliandika alivyosikia. Mtu mmoja angeweza kubatizwa kwa tahajia moja, kuoa kwa nyingine na kuzikwa kwa ya tatu. Wale kati yetu wanaotunza vitabu vya ubatizo vya sharika za kale, ambamo jina la baba mmoja lina sura tatu kwa watoto watatu, hawatastaajabu.

Isitoshe, si kila Clark ametoka Uingereza. Huko Ireland ulikuwako ukoo wa Ó Cléirigh, kutoka kwa mtu aliyeitwa Cléireach katika karne ya 9, nao huhesabiwa miongoni mwa majina ya ukoo ya kale kabisa katika Ulaya. Mmoja wao, Mícheál Ó Cléirigh, Mfransisko, aliwaongoza wenzake kati ya 1632 na 1636 kukusanya kumbukumbu za taifa lao wakati lilipokuwa likivunjwa. Utawala wa Kiingereza ulikuwa umekwisha kuwataka Waireland walio katika eneo lake wachukue majina ya Kiingereza. Sheria ya mwaka 1465 ilitaja kwamba yawe ya mji, ya rangi, ya ufundi au ya kazi. Kwa muda wa karne kadhaa wengi wa Ó Cléirigh wakawa Clarke. Maana ya neno haikupotea, kwa kuwa Kiireland nacho kilikuwa kimelipokea kutoka Kilatini, lakini kilichoondolewa kilikuwa kile kiambishi kinachosema mtu ni wa uzao wa nani. Afrika ya Kusini jina lile lile lilifika kwa Wahuguenoti wa Ufaransa waliokimbia mateso, nalo likawa De Klerk.

Turudi kwenye kusoma, maana hapo ndipo penye uzito. Mfalme Henry II, katika Katiba za Clarendon za mwaka 1164, alitaka makleri waliotenda makosa ya jinai waadhibiwe na mahakama zake. Askofu Mkuu Thomas Becket alikataa, na tarehe 29 Desemba 1170 aliuawa ndani ya kanisa lake kuu. Damu hiyo ilimlazimu mfalme kurudi nyuma. Tangu hapo mtu aliyeshitakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo, akithibitika kuwa kleri, alikabidhiwa kwa askofu, na mahakama ya askofu haikutoa hukumu ya kifo. Lakini atathibitikaje? Utosi hunyolewa na yeyote. Katika karne ya 14 mahakama zilikuwa zimetulia juu ya kipimo kimoja: mshitakiwa apewe kitabu asome. Desturi ikachagua mwanzo wa Zaburi ya 51, pale Daudi anapomwomba Mungu amrehemu. Watu wakauita mstari wa shingo.

Tunaomba msomaji atafakari picha hiyo. Maneno ya toba yaliyo ya kila mwenye dhambi yaligeuzwa kuwa mtihani wa elimu. Wawili wameiba pamoja. Mmoja alifundishwa kusoma na mjomba wake kleri, mwingine alichunga kondoo. Wa kwanza anaomba rehema kwa Kilatini na kuishi. Wa pili anaweza kuililia rehema ile ile kwa moyo wake wote, naye ananyongwa. Wenye akili waliukariri mstari huo bila kujua herufi, na mahakimu wapole walijifanya hawaoni. Hayo yanaonyesha kwamba hata wakati ule watu walihisi kuna kitu kisicho sawa. Mwaka 1489 Bunge liliamua kwamba asiye na daraja la kweli apate haki hiyo mara moja tu, na achomwe chapa katika kidole gumba asije akarudi. Ben Jonson, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliyemuua mwigizaji katika pambano mwaka 1598, aliokoka kwa njia hiyo na kubaki na chapa. Wanawake, kwa kuwa hawakuweza kuwa makleri, hawakuwa na haki hiyo hadi karne ya 17. Kusoma kuliondolewa kuwa sharti mwaka 1706, na haki yenyewe ilifutwa mwaka 1827.

Kati ya mwanzo na mwisho wa jambo hilo ndipo yalipotokea Matengenezo. Mwaka 1520 Luther, katika andiko lake kwa wakuu wa Kikristo wa taifa la Ujerumani, aliushambulia ukuta uliotenga watu wa kiroho na watu wa kawaida, akifundisha kwamba kwa ubatizo wote ni wa hali moja ya kiroho, wakitofautiana kwa kazi tu. Kwa kusema hivyo alikuwa akilirudisha neno *kleros* mahali Petro alipoliweka. Mwaka 1526 Agano Jipya la Kiingereza la William Tyndale lilitoka mtambo wa chapa huko Worms. Bunge la Uingereza liliruhusu ndoa za makasisi mwaka 1549, lakini wakati huo jina la Clark lilikuwa na umri wa karne kadhaa, na watoto wa makasisi waliooa walipata majina ya baba zao kama watoto wengine. Hapo ndipo tunapoona wazi kwamba jina la Clark si kumbukumbu ya ndoa za makasisi, bali ya wale wasomaji wadogo ambao Matengenezo yenyewe yaliziondoa daraja zao. Katika hati rasmi kasisi wa Kianglikana nchini Uingereza angali anaweza kuandikwa *clerk in holy orders*. Wengine wote wenye neno hilo katika majina yao wamelirithi tu.

Majina husafiri, na yanaposafiri huacha maana nyumbani. Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa katika utumwa na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, India, alipewa jina la Kiingereza la fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa. Yeye hakutengeneza gari lolote. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko wakati moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mti, na ndiye aliyechonga maandishi katika shina lake. Kwa kipimo cha kale kila mahakama ya Kiingereza ingemwita kleri.

Huko Marekani Kusini Wakristo wenye asili ya Afrika walibeba majina ya Kiingereza kwa maelfu, na huko kipimo cha kusoma kilirudi kwa sura nyingine. Baada ya utumwa kukomeshwa, majimbo ya Kusini yalidai kwamba anayetaka kupiga kura asome na kueleza kifungu cha katiba, na afisa aliyesikiliza aliamua apendavyo. Bibi Septima Poinsette alizaliwa Charleston, Carolina ya Kusini, mwaka 1898, binti wa mtu aliyezaliwa mtumwa. Mwaka 1920 aliolewa na baharia aitwaye Nerie Clark, na kwa jina hilo la mumewe historia inamjua. Alikuwa mwalimu. Kwa mpango aliouongoza, darasa la kwanza la uraia lilifunguliwa katika kisiwa cha Johns mwezi Januari 1957, katika chumba cha nyuma cha duka, likifundishwa na Bernice Robinson, msusi wa nywele. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengi wao wakulima na wavuvi. Madarasa ya namna hiyo yalienea katika majimbo ya Kusini, na mwaka 1965 sheria mpya ya haki za kupiga kura ilivisimamisha vipimo vya kusoma katika majimbo hayo. Miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo wanafunzi wa Bibi Clark walifundishwa ni kuandika, kwa mkono wao wenyewe, majina yao.